Alice Hamilton: daktari aliyelifuata vumbi la risasi hadi viwandani

Mara nyingi tunapozungumzia usalama kazini, mawazo huenda kwenye ajali. Kifusi kimeporomoka mgodini, mashine ya kusaga imekata kidole, fundi ameanguka kutoka kwenye paa. Ajali za namna hiyo zina kishindo, watu hukimbilia, na habari husambaa kijiji kizima. Lakini kuna madhara ya kazi yasiyo na kishindo. Mtu anaingia kazini akiwa mzima, anavuta vumbi au moshi kila siku, na baada ya muda tumbo linamsokota, mwili unakosa nguvu, mikono inalegea. Jirani anasema amelogwa. Mwajiri anasema ni ulevi. Yeye mwenyewe hajui la kusema.

Leo tunawaletea maisha ya mwanamke aliyeyafanya madhara hayo ya kimyakimya yajulikane nchini Marekani. Jina lake ni Alice Hamilton. Alizaliwa mwaka 1869 na kufariki mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 101. Hakuwa na kiwanda, hakuwa mbunge, na kwa muda mrefu wa kazi yake hakuwa hata na mamlaka ya kuingia kiwandani bila kukaribishwa. Hata hivyo, namna alivyofanya kazi ilibadilisha jinsi watu wanavyofikiri kuhusu usalama wa mfanyakazi, na mengi aliyoyafundisha yanamfaa fundi wa betri au mchimbaji mdogo wa dhahabu wa leo.

Mtoto wa Fort Wayne

Alice alizaliwa New York tarehe 27 Februari 1869, akakulia katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Walikuwa mabinti wanne na mdogo wao mmoja wa kiume. Dada yake mkubwa, Edith, naye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu kuhusu Wagiriki wa kale. Wazazi wao hawakuziamini sana shule za pale mjini, hivyo watoto walisomea nyumbani kwa miaka mingi. Biashara ya jumla ya baba yao ilipoanguka, mabinti wale walielewa kwamba watalazimika kujitegemea.

Alice akachagua udaktari. Aliona kwamba daktari anaweza kwenda popote, mjini au shambani, na bado akahitajika. Mwaka 1893 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan. Baadaye alikwenda Ujerumani kusoma zaidi kuhusu vijidudu na magonjwa. Wakati huo vyuo vya kule havikuwa vimezoea wanawake, ikabidi akae darasani bila kujionyesha.

Mwaka 1897 alihamia Chicago kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake. Huko akaenda kuishi Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr mwaka 1889 katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Waliokuwa wakiishi humo walikuwa watu waliosoma, lakini walichagua kuwa majirani wa wafanyakazi: Waitaliano, Wapolandi, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi na wengine wengi. Alice alifungua kliniki ya watoto wachanga, na kila wiki akina mama walimletea watoto wawaogeshe pamoja.

Hapo ndipo alipoanza kusikia maneno ambayo hakufundishwa chuoni. Mume wa huyu hawezi tena kunyanyua mikono. Wa yule amepata degedege akiwa mtu mzima. Jirani mwingine aliacha kazi ya kuyeyusha chuma kwa sababu ya moshi uliomlaza kitandani. Wanaume hao walikuwa wakiondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na magonjwa yao yalikuwa yakirudi nao kutoka kazini.

Risasi isiyo ya bunduki

Ili kuelewa kazi yake, lazima tueleze kwanza risasi ni nini. Hatuzungumzii risasi ya bunduki. Tunazungumzia madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yale yaliyomo ndani ya betri ya gari. Zamani yalitumika pia kwa wingi kutengeneza rangi nyeupe ya nyumba, mabomba ya maji, na rangi ngumu inayong'aa kwenye mabafu ya chuma.

Risasi ikiingia mwilini haitoki upesi. Inajificha kwenye mifupa na kuharibu damu, neva na ubongo. Dalili zake ni tumbo kusokota vibaya, choo kigumu, weupe wa uso, maumivu ya viungo, na mkono kulegea kwenye kifundo hadi mtu akishindwa kuunyanyua. Ikizidi, huleta degedege, kuchanganyikiwa na kifo. Mwanamke mjamzito anaweza kupoteza mimba. Mtoto mdogo anaweza kudumaa akili.

Huko Ulaya mambo hayo yalijulikana na kulikuwa na sheria. Marekani wengi waliamini kwamba viwanda vyao ni bora na wafanyakazi wao wanalipwa vizuri, kwa hiyo magonjwa hayo hayawezi kuwapo. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Mwaka 1910 Alice alihudhuria mkutano wa kimataifa mjini Brussels kuhusu ajali na magonjwa ya kazini, na huko akalazimika kusikia wazungumzaji wa Ulaya wakishangaa kwamba Marekani haina takwimu wala sheria juu ya jambo hilo.

Alice alitoa mfano uliomuuma. Kiwanda kimoja cha Uingereza kilichotumia risasi kilikuwa na wafanyakazi 90, na kwa miaka 5 mfululizo hakikupata mgonjwa hata mmoja. Kiwanda kimoja cha Marekani chenye wafanyakazi 85 kilikuwa na wagonjwa 35 katika miezi 6. Kazi ilikuwa ile ile na madini yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa katika namna kazi ilivyopangwa.

Kuhesabu wagonjwa bila daftari

Mwaka huo wa 1910 jimbo la Illinois lilimpa Alice jukumu la kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini, wa kwanza wa aina yake nchini humo. Yeye mwenyewe alichukua upande wa risasi. Ugumu ulianza mara moja. Hapakuwa na orodha ya viwanda vinavyotumia risasi. Hospitali hazikuandika mgonjwa anafanya kazi gani, au ziliandika tu kwamba ni kibarua. Mfanyakazi aliyeugua alifukuzwa, na nafasi yake ikachukuliwa na mgeni mwingine aliyeshuka melini juzi.

Basi akafanya kazi ya miguu. Alipitia madaftari ya hospitali. Alizungumza na madaktari wa mitaani, wenye maduka ya dawa, mapadri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na hata watu kwenye vilabu vya pombe. Alikwenda nyumbani kwa wagonjwa, kwa sababu aligundua kwamba mbele ya msimamizi mfanyakazi hasemi kitu. Akiwa jikoni kwake na mkewe yupo pembeni, anasema.

Siku moja alitembelea kiwanda cha mabafu na masinki akaona kila kitu kipo sawa. Baadaye akamkuta mfanyakazi Mpolandi wa kiwanda hicho hicho akiwa na dalili wazi za sumu ya risasi. Ikaonekana kwamba alionyeshwa chumba cha kumalizia kazi tu. Kazi yenyewe ya kupaka rangi ngumu kwenye chuma chenye moto ilifanyika katika jengo lingine, mahali pengine. Alikwenda huko, akaona wanaume wakinyunyizia unga juu ya bafu lililoiva kwa moto, vumbi limetanda. Alipopata sampuli ya unga ule ukapimwa, risasi ilikuwamo.

Mwisho wa uchunguzi alikuwa ametambua kazi zaidi ya 70 zinazomweka mtu kwenye hatari ya risasi, na kuthibitisha wagonjwa zaidi ya 500 katika jimbo hilo moja. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria iliyowataka waajiri wa kazi za sumu kuweka kinga na kuwapima wafanyakazi kila mwezi kwa daktari.

Kosa ni la nani?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa msikilizaji alishike zaidi. Wakati Alice anaanza, wenye viwanda wengi walikuwa na maelezo mepesi: mfanyakazi anaugua kwa sababu ni mchafu. Hanawi mikono. Anakula na kucha zenye risasi. Kwa hiyo dawa yake ni kuweka ndoo ya maji na sabuni, kubandika tangazo ukutani, na anayeugua basi kajitakia mwenyewe.

Alice hakupinga kunawa. Lakini alitazama kazi inavyofanyika akaona ukweli mwingine. Mtu anayepakua unga mkavu wa risasi kwa koleo, au anayesugua rangi ya zamani kwa msasa, au anayesimama juu ya chungu cha risasi inayochemka, anavuta vumbi na moshi kwa pua saa zote za kazi. Hata akinawa mara kumi, mapafu hayanawi. Sumu nyingi inaingia kwa hewa.

Ukikubali kwamba sumu ipo hewani, basi jukumu linahama. Mfanyakazi ana uwezo juu ya mikono yake, lakini hana uwezo juu ya hewa ya jengo zima. Mwenye uwezo huo ni mwenye jengo. Kwa hiyo Alice alidai mambo haya: mahali unapotoka vumbi pafunikwe, unga uloweshwe kabla ya kufagia au kusugua, mashine iwe na bomba la kuvuta moshi hapo hapo unapotokea, kazi hatari zaidi ifanywe na mashine na si kwa mikono, wafanyakazi wawe na mahali pa kuoga, nguo za kazi zinazobaki kazini, na chumba safi cha kula, na daktari awapime mara kwa mara ili dalili za mwanzo zionekane kabla mkono haujalegea.

Mpangilio huo ndio bado unafundishwa na wataalamu wa usalama kazini. Kwanza iondoe hatari au tumia kitu kingine kisicho na sumu. Ikishindikana, ifunike au ivute mbali na mtu. Kisha panga upya kazi na muda wa kukaa kwenye hatari. Barakoa na glovu zinakuja mwisho, kwa sababu barakoa inategemea mtu mmoja mmoja, inachakaa, na kwenye joto watu huivua.

Kuzungumza na wakubwa

Mwaka 1911 serikali kuu ilimwomba afanye uchunguzi kama ule nchi nzima. Hakupewa mshahara; ripoti ikikamilika, serikali iliinunua. Hakuwa na haki ya kumlazimisha mtu yeyote afungue lango. Alitegemea adabu, uvumilivu na hoja.

Mfano unaokumbukwa ni wa Edward Cornish, mmoja wa wakuu wa kampuni kubwa ya risasi ya National Lead. Alice alimwendea akamwambia kwamba wanaume katika viwanda vyake wanaugua. Cornish alikataa, na hakuficha kuudhika kwake. Akamtaka alete ushahidi. Alice akarudi mitaani, akakusanya habari za wafanyakazi 22 waliougua kiasi cha kuhitaji hospitali, kila mmoja na habari zake kamili, akampelekea. Cornish alitimiza neno lake. Aliagiza vumbi na moshi vidhibitiwe na madaktari waajiriwe katika viwanda vya kampuni hiyo, kabla sheria haijamlazimisha.

Kutokana na hayo Alice aliamini kwamba wapo wakubwa wasiojua tu, na wakionyeshwa watabadilika. Lakini hakuishia hapo, maana aliona pia wale wanaojua na hawajali. Kwa ajili ya hao alitaka sheria, wakaguzi na fidia. Mwajiri akilazimika kulipa kwa kila mgonjwa, kununua feni ya kuvuta moshi kunakuwa rahisi kuliko kuendelea kuugua watu.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichunguza viwanda vya baruti, ambavyo mahali pake palikuwa siri. Alivitafuta kwa kufuata moshi wa rangi ya njano na machungwa angani, na wanaume ambao ngozi na nywele zao zilikuwa zimegeuka njano. Mwaka 1918 alikwenda Bedford, Indiana, kwa wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo zinazotetemeka. Baridi ikiingia, vidole vyao vilikuwa vyeupe na kufa ganzi. Alieleza jinsi mtetemo wa chombo na baridi vinavyofunga damu isifike vidoleni. Mtu anayetumia msumeno wa mashine au dirili ya kuvunja mawe leo anaweza kupata shida hiyo hiyo.

Harvard na petroli

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri kufundisha magonjwa ya kazini, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine nchini aliyeyajua kama yeye. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika chuo hicho. Lakini alipewa masharti: asitumie klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi za mpira, na asitembee kwenye maandamano ya mahafali. Alifundisha miaka 16 na akastaafu mwaka 1935 bila kupandishwa cheo alichoanza nacho.

Hakushinda kila vita. Miaka ya 1920 kampuni za mafuta zilianza kutia risasi kwenye petroli ili injini ziende vizuri. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichokuwa kikitengeneza dawa hiyo, baada ya kuchanganyikiwa akili. Mei 1925 serikali iliitisha mkutano. Alice alisimama kupinga, akisema kwamba risasi itakayotawanywa barabarani na magari haitaweza kudhibitiwa kama ile iliyo ndani ya jengo. Hakusikilizwa. Petroli yenye risasi ikaenea duniani kote.

Hapa habari yake inatugusa sisi moja kwa moja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwamo za Afrika Mashariki, ziliachana na petroli hiyo mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwenye magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tangu onyo lake hadi hapo ni miaka 96. Watoto waliolelewa kando ya barabara kuu katika miaka hiyo yote walivuta moshi ambao daktari mmoja alikuwa ameshausemea.

Aliandika vitabu, kikiwamo kikubwa cha mwaka 1925 kuhusu sumu za viwandani, na cha mwaka 1943 kuhusu maisha yake. Alifariki nyumbani kwake Hadlyme, Connecticut, tarehe 22 Septemba 1970. Miezi 3 baadaye, tarehe 29 Desemba, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya nchi nzima ya usalama na afya kazini.

Yanatuhusu vipi sisi?

Wengi wenu mnaotusoma kwenye simu hamfanyi kazi kwenye viwanda vikubwa. Mnafanya kazi kwenye banda la bati, kando ya mto, chini ya mwembe. Lakini risasi iliyo kwenye betri ya gari ni ile ile aliyoifuata Alice. Anayevunja betri kuukuu na kuyeyusha risasi kwenye sufuria anavuta moshi ule ule. Akirudi nyumbani na nguo zile zile akambeba mtoto, amempelekea sumu.

Vivyo hivyo kwa zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Zebaki ikichomwa wazi ili dhahabu ibaki, mvuke wake hauonekani wala haunuki, na unaingia mwilini kwa pumzi. Chombo kilichofungwa cha kuchomea, kinachokamata mvuke, kinafuata kanuni ile ile ya Alice: zuia sumu pale inapotokea, kabla haijamfikia mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua barakoa, jiulize maswali ambayo Alice angeyauliza. Vumbi au moshi huu unatoka wapi hasa? Naweza kulowesha badala ya kufagia mkavu? Naweza kuhamisha kazi hii mbali na jiko na mahali watoto wanapocheza? Nguo za kazi naziacha wapi? Kati yetu tunaofanya kazi hii, ni wangapi wameugua ugonjwa unaofanana? Swali la mwisho lina nguvu sana. Mmoja akiugua ni bahati mbaya, lakini wanne wakiugua namna moja, itazameni kazi.

Ukienda zahanati, mwambie mhudumu kazi unayofanya hata kama hajauliza. Maumivu ya tumbo ya mkulima na maumivu ya tumbo ya fundi betri yanaweza kuwa na asili tofauti kabisa.

Na kama umeajiriwa Tanzania, fahamu kwamba ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na inamtaka mwajiri alinde afya yako. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao hauhusu ajali tu. Unahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Ili ugonjwa ukubaliwe kuwa umetokana na kazi, lazima kuwe na maelezo: umefanya kazi gani, kwa muda gani, dalili zilianza lini. Anza kuyaandika mapema, hata kwenye daftari la mtoto. Alice Hamilton alimshawishi mkuu wa kampuni kubwa kwa habari za watu 22 zilizoandikwa vizuri.